Siku Tuliyorudi kwa Wakwe Kinyumenyume

Siku ile, mwanangu, mimi huikumbuka kwanza kwa pua. Harufu ya mafuta yaliyoungua, kali na tamu kidogo, kama samli iliyosahauliwa motoni. Na ukimsikia ajuza anaongea habari za giaboksi, usicheke. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Lakini kitu kikishanitia hofu ya kufa, mimi hukiulizia mpaka nikijue jina lake, la baba yake na la babu yake.

Ulikuwa msimu wa mvua. Mjukuu wangu Rashid alikuwa amepata mtoto wake wa kwanza, wa kike, akamwita Hamdi. Mkewe, Hibo, alijifungulia kwao, kwenye boma la wazazi wake karibu na Bute, maana kwetu mwanamke akizaa mara ya kwanza hulelewa na mama yake mpaka arobaini iishe. Ikaisha. Rashid akanichukua nyumbani kwangu Wajir, tukaenda kumleta mke na mtoto.

Gari lilikuwa lake, la otomatiki, kuukuu, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia. Kwalo alibeba abiria mjini, na kwalo nyumba yake ilikula. Basi alilipenda! Kila Ijumaa aliliosha kana kwamba linakwenda kuoa.

Sasa nikueleze jambo, kama wewe si wa huku. Kwetu mwanamume huwaheshimu wazazi wa mkewe mpaka heshima inafanana na ugonjwa. Mama mkwe hamtazami machoni. Mbele ya baba mkwe hali kwa pupa, hacheki kwa sauti, na tumbo likimkata husema alhamdulillahi. Heshima hii naipenda, nimelelewa nayo. Ila ni kama chumvi, mwanangu. Hakuna aliyeimwaga yote chunguni akasifiwa kwa upishi.

Asubuhi ya kuondoka tuliagwa vizuri. Mzee Edin, baba yake Hibo, aliinua mikono akaomba dua ndefu, tukaitikia amina. Mkewe akatupakia mali: madumu ya maziwa ya ngamia, samli, godoro, mbuzi wawili waliofungwa miguu, na mikeka aliyoifuma mwenyewe muda wote binti yake alipokuwa kitandani. Gari likakaa chini kama ngamia mwenye mimba. Nikamwambia Rashid mzigo umezidi. Akanong'ona, "Ayeeyo, nitamkataliaje mama mkwe?" Ayeeyo ndiye nyanya, kwa Kisomali.

Hatukwenda mbali. Nilisikia injini ikipandisha sauti, lakini miti ya kando haikukimbia zaidi. Nikasema, "Gari lako linapiga kelele bila kutembea."

"Ni mchanga tu, ayeeyo."

Mchanga haukuwepo. Palikuwa na ardhi ngumu na mawe. Nikamtazama. Kipaji cha uso wake kilikuwa kimelowa jasho, na jua bado halijapanda.

Tukafika kwenye laga. Laga ni mto wa mchanga mtupu, mwanangu, mpaka siku maji yatakapoikumbuka njia yake. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto. Lakini kaskazini, upande wa milima ya Ethiopia, palikuwa peusi, peusi kama sufuria. Dalili ya mvua ni mawingu, na mvua ya mtu mwingine ndiyo inayomuua mtu wa laga.

"Simama ukingoni," nikamwambia. "Tutazame kwanza."

"Tukisimama halitaondoka tena."

Maneno hayo yaliniingia kifuani kabla sijayaelewa. Alijuaje? Nilipofungua mdomo kuuliza, tulikuwa tumeshateremka.

Katikati ya mchanga gari likapoteza nguvu. Halikuzimika. Lingezimika ningeshukuru. Injini ilinguruma, na gari likakaa kama mzee aliyeitwa kazini. Rashid akakanyaga mafuta. Likanguruma zaidi. Akakanyaga tena, meno ameyauma, na hapo ndipo harufu ilipotupata. Nyuma, Hibo akamfunika mtoto uso kwa mtandio.

"Toa mguu!" nikapiga kelele. "Ngamia akilala na mzigo unampiga mpaka afe?"

"Likisogea kidogo tu, ayeeyo, kidogo tu..."

Nikanyoosha mkono, nikauzungusha ufunguo mwenyewe. Nikasema, "Sasa sema. Ulijua nini?"

Mjukuu wangu akatazama usukani. "Jana jioni niliona mafuta mekundu chini ya gari. Pale uani, mbele ya mlango wao."

"Ukafanya nini?"

"Nikayafukia mchanga kwa mguu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mzee alikuwa ameketi pale pale na wageni wake. Wangesema amemwoza binti yake kwa mtu wa gari bovu."

Hibo akaangua kicheko kifupi, kile cha mtu anayekaribia kulia. "Wote wanajua ni bovu, Rashid! Watoto wa pale wanaliita Mgonjwa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ila saa ile haikuwa ya methali. Nikamwambia Hibo ashuke na mtoto, apande ukingo wa tulikotoka, ndio uliokuwa karibu, na asirudi hata akiniona nimeanguka. Akaenda na simu mkononi. Kutoka juu akaita, "Nimpigie baba?"

"Usithubutu!" Rashid akajibu.

"Piga!" nikasema mimi.

Tukaanza kupakua. Mbuzi niliwafungua kamba, na mbuzi hafundishwi njia ya kuokoka. Madumu tukayatoa, godoro tukalitoa, tukayaacha mchangani. Rashid alikuwa akiyabeba madumu kwenda ukingoni, moja moja, polepole, asije akamwaga maziwa ya mama mkwe. Nikamnyang'anya dumu nikalitupa. Nilipokuwa msichana, laga ilichukua chombo changu cha maziwa, kile tunachofuma kwa mizizi na nyuzi, nikalia siku nzima. Shangazi yangu, mwanamke asiyekuwa na maneno mengi, aliniambia, "Chombo kinafumwa. Mtoto hafumwi. Futa kamasi." Nilimchukia kwa hayo. Leo namwombea pepo.

Gari lilipopoa kidogo na kuwa jepesi, nikamwambia aliwashe na ajaribu kuliondoa taratibu, bila kukanyaga. Akaweka gia ya kwenda. Halikusogea. Akaweka ile ndogo ya mlima. Halikusogea. Uso wake ukawa wa majivu.

"Na ya kurudi nyuma?"

Akaiweka. Gari likatetemeka, likashika, likasogea nyuma urefu wa mkono! Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Rashid akakanyaga breki.

"Mbona umesimama?"

"Ayeeyo, nyuma ni kwa wakwe."

Wallahi nilidhani jua limempiga. "Na mbele ni wapi?"

"Mbele ni nyumbani. Tusukume. Mimi na wewe, tutafika ng'ambo."

"Mimi nisukume gari? Mimi ambaye ndoo ya maji naisukuma kwa macho?"

"Dua tumeshaombewa, ayeeyo. Tumeagwa. Nitaingiaje kwa yule mzee kinyumenyume, makalio ya gari mbele? Watacheka mpaka Mandera!"

"Wacheke. Maiti hachekwi, lakini hachekeshwi pia. Wewe unataka kipi?"

Hapo tukaisikia. Kwa mbali, kama lori zito kwenye lami, na lami huko haipo. Hibo juu ya ukingo akageuka kutazama, akapiga yowe. Sijawahi kumwona mtu akiuondoa mguu kwenye breki haraka namna ile.

Gari likarudi nyuma, likarudi, kisha tairi za mbele, zile zenye nguvu, zikaanza kuchimba mchanga. Rashid akataka kukanyaga. Nikampigia dirisha. "Ukichimba umezikwa! Acha!"

"Mikeka!" Hibo akaita kutoka juu. "Ayeeyo, weka mikeka ya mama!"

Nilisita, mwanangu. Ile mikeka nilikuwa nimeitazama asubuhi nikaitamani, rangi zake, ncha zake zilizofungwa kwa subira. Nikaikokota, nikaisukumiza nyuma ya tairi, huku na huku, nikapiga magoti nikaibana kwa mikono. Nikamwambia, "Bismillahi. Polepole. Likishika usisimame, hata kama mimi nimebaki mchangani. Umesikia? Usisimame."

Tairi zikakamata mikeka, zikaipanda, zikaipasua. Gari likaondoka kinyumenyume, likapepesuka kama mlevi, likafika kwenye mteremko tulioshukia, likaupanda kwa mgongo likilia. Nami nikabaki mchangani.

Nilitembea. Kukimbia nilishasahau. Mchanga unamla mzee miguu, na sauti ile haikuwa tena lori, ilikuwa kama boma zima la ng'ombe walioshtuka. Sikutazama nyuma. Nilitazama kanzu ya Rashid, kwa sababu alikuwa ameruka kutoka garini, mlango wazi, hajui kama gari litakaa au litamfuata, akaja mbio kwangu. Akanishika kwapani akaniburura kama mbuzi wa sadaka. Kiatu changu kimoja kilibaki. Tulipoanguka ukingoni, maji yalikuwa yamefika.

Mbele huja povu, na kinyesi cha mifugo, na vijiti, taratibu, kama kitu cha kuchezea. Nyuma yake ndiyo mauti. Yalilichukua godoro likiwa limesimama wima. Madumu yakaenda yakipigana pembe. Mikeka sikuiona hata ilivyokwenda. Hibo alikuwa amekaa chini anamnyonyesha mtoto, mkono wake mmoja umeshika pindo la nguo yangu, na hakuuachia.

Mzee Edin akafika kwa miguu, fimbo mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Alipokea simu akatoka hivyo hivyo bila kofia, mzee ambaye sijawahi kumwona kichwa wazi. Akatazama maji. Akatuhesabu kwa macho. Akatazama gari, makalio yake yamemwelekea. Rashid alikuwa amesimama nyuma ya gari, kichwa chini, na kama ardhi ingemkubali angeingia.

"Wakwe wengine huja kwa uso," mzee akasema.

Nikambana Rashid mbavu kwa kiwiko. Hapo ndipo, mwanangu, alipofanya kazi ngumu kuliko ile ya lagani.

"Baba," akasema, "giaboksi imekufa. Ilivuja tangu jana. Nilijua, nikayafukia mafuta uani kwako, nikaona haya kukwambia. Nusura niwazamishe."

Mzee akaegemea fimbo. Akamtazama muda mrefu mpaka mimi mwenyewe nikaogopa. Kisha akasema, "Nilikuoza binti nikidhani nimepata mwana. Kumbe nimepata mgeni. Mgeni ndiye anayefukia uchafu wake uani kwa watu."

"Nisamehe, baba."

"Ungesema jana ningetuma mtu atafute mafuta. Leo samli ya mke wangu inanywewa na mamba." Akamchukua Hamdi mikononi mwa Hibo, akamnusa kichwani kama tunavyofanya. "Twende nyumbani. Na wewe, mwanangu, tembea mbele yangu, si nyuma."

Aliposema mwanangu, Rashid alilia. Nami nilitazama kando, maana kijana anahitaji mahali pa kulilia.

Kesho yake vijana wakaja na kamba walivute gari mpaka mjini. Safari hii Rashid alisema mbele ya wote, wala hakutazama chini: gari la namna hii ukilivuta tairi zake zikiwa zinazunguka ardhini, unaisaga giaboksi ikaisha kabisa. Wakasubiri lori la mifugo, wakalipandisha juu, likaenda Wajir katikati ya mbuzi. Fundi alipolifungua alikuta mafuta machache, meusi, yamenuka. Akamwekea giaboksi nyingine, kuukuu vilevile.

Basi nisikilize, wewe uliyenunua gari lililozeeka. Jicho lako liwe chini ya gari kila asubuhi kabla ya kuwa kwenye kioo. Ukiona tone jekundu, uliza mafuta, usiulize watu watasemaje. Injini ikipaza sauti na gari lisiongeze mwendo, hilo si gari linalotaka nguvu, ni gari linaloomba kupumzika. Toa mguu, simama pahali pa salama, lipoe, lipunguzie mzigo. La otomatiki halishtuliwi kwa kusukumwa, na halivutwi kiholela. Gia ya mbele ikikataa, jaribu ya nyuma, na ikikubali, rudi, hata kama nyuma kuna watu uliokwisha kuwaaga kwa fahari. Wala usiingie laga na jambo ambalo hujalisema.

Kuona haya ni vazi zuri, mwanangu. Livae kwa wakwe, livae msikitini. Lakini maji yakija, livue. Aliyekupa binti yake amekupa kitu kikubwa kuliko gari lako lote, hatashindwa kusikia kwamba linavuja.

Nenda, Mola akutangulie kila penye mchanga usioujua. Akufungue ulimi mapema, akupe watu wa kuita na moyo wa kuwaita, na kila uliyempakia garini mwako ashuke mzima. Amina.