Kuzima Gari Mteremkoni

Sauti ninayoikumbuka zaidi kutoka likizo ile ya Aprili ni ya tairi zikizunguka juu ya lami iliyolowa, bila mngurumo wowote wa injini. Tukifika juu ya mteremko unaoshuka hadi kijitoni, kabla ya kupanda upande wa Muthangari, cucu alikuwa akilitoa gari gia, kisha anarudisha ufunguo nyuma kidogo, na gari linanyamaza ghafla. Hapo ndipo ulimwengu ulipoingia ndani: matone yakidondoka kutoka kwenye mijakaranda, mbwa wa matajiri wakibweka nyuma ya nyua, mtu akicheka kando ya barabara, pumzi ya cucu mwenyewe. Mimi nilikuwa kando yake, mkanda kifuani, mikono yote miwili imeng'ang'ania kiti. Yeye alikuwa ametulia kabisa. "Petroli ya bure," alikuwa akisema, nasi tukaendelea kushuka, kasi ikiongezeka, na hakuna cha kutuzuia ila mguu wake.

Cucu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Alikaa Riruta, kwenye ploti yenye vyumba vya kupangisha ambavyo yeye na babu walivijenga kimoja baada ya kingine, na alikuwa mmoja wa wanawake wachache wa rika lake kanisani waliojua kuendesha gari. Babu ndiye aliyemfundisha, miaka mingi kabla sijazaliwa, kwenye pikapu kuukuu aliyokuwa akisambazia maziwa katika nyumba za Lavington na Muthangari. Babu alipofariki, pikapu iliuzwa, na baadaye cucu akajinunulia gari dogo la buluu, la mtumba lakini lenye heshima yake. Gari hilo lilikuwa na safari mbili za lazima kila wiki: Jumapili kanisani, na Alhamisi kwa Mama Jasbir. Mama Jasbir alikuwa mjane wa Kisikh aliyeishi Muthangari; nyumba yake ilikuwa ya kwanza kununua maziwa ya babu, na yeye na cucu walijuana tangu wote wawili wakiwa na watoto wachanga. Miguu yake ilikuwa imechoka, hakuweza tena kutoka, kwa hiyo cucu ndiye aliyekwenda. Walikaa verandani, wakafuma sweta, wakanywa chai nzito ya iliki, wakawasengenya watu ambao wengi wao walikwisha kufa. Walikuwa wakicheka hadi wanafuta machozi. Sikuwahi kumwona cucu akicheka vile mahali pengine popote, hata kwetu.

Msidhani alikuwa dereva ovyo. Mwangalifu kama yeye sijamwona tena. Kila jioni alisukuma kipande cha katoni chini ya injini, na asubuhi alikivuta nje na kukichunguza kabla hajanywa chai. Doa jeusi ni oili, aliniambia; doa jekundu ni la gia au usukani; maji matupu usijali sana, lakini uangalie rejeta. Alinifundisha kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta kwa kitambaa, kukirudisha na kukichomoa tena, maana mara ya kwanza hudanganya. Alinikataza kabisa kufungua rejeta injini ikiwa moto. Betri ikiota ule ukungu mweupe, aliimwagia maji moto kutoka kwenye birika na kuisugua kwa mswaki mkuukuu. Mwisho alizunguka gari akizigusa tairi moja moja, akaketi, akafumba macho akaomba, na ndipo akawasha. Alikuwa mwangalifu kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho kimoja alikiona kuwa ndio ujuzi wake mkubwa, urithi kutoka kwa babu.

Baba alikuwa na wasiwasi wake. Sisi tuliishi Hurlingham, yeye akifanya kazi ofisini katikati ya mji, na aliponishusha Riruta mwanzo wa likizo hakuzima hata injini. Aliniita mami, kama ilivyo desturi, kwa kuwa mimi nimepewa jina la mama yake. "Mami," akaniambia, sauti chini, akimtazama cucu aliyekuwa akifungua geti, "uwe unaangalia vile cucu anaendesha. Kuna mtu alimwona akienda mbio huko Lavington. Ukiona kitu kibaya, uniambie. Nitachukua hiyo funguo mara moja." Nilikuwa na miaka kumi. Nikaitikia, sawa, na tangu dakika ile likizo yangu ikaharibika. Kila tulipoingia garini nilijua nimebeba kitu ambacho kingeweza kumnyima cucu Alhamisi zake. Nikinyamaza, huenda tukaumia; nikisema, hataendesha tena. Nilichofanya ni kuomba tusifike kwenye ule mteremko, na kila Alhamisi tukafika.

Nadhani cucu alijua. Hakuwahi kuniuliza, ila kuna siku alinikazia macho nilipokuwa nimeshika kiti, akasema, "Baba yako anafikiri nimezeeka. Mimi nilikuwa nikishuka hapa na mikebe ya maziwa nyuma, na yeye mgongoni." Kisha, akiwa ameudhika, akashuka kwa kasi zaidi kuliko siku nyingine. Nilimpenda sana siku hiyo, na nilimwogopa vilevile.

Alhamisi iliyoharibu mambo ilianza kwa mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika, na tulipopita Kawangware mitaro ilikuwa imefurika hadi barabarani. Cucu alikuwa amevaa koti lake la kijani, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa ndizi za Mama Jasbir. Tulifika juu ya mteremko. Nikamtazama mkono. Akalitoa gari gia, akarudisha ufunguo, na ule ukimya ukaja. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki, nayo ikashika vizuri. Mbele kidogo kulikuwa na dimbwi; akakanyaga tena, gari likapungua kasi, likaendelea. Kisha, kutoka kwenye geti la upande wa kushoto, mkokoteni ukaingia barabarani, umejaa mitungi ya maji, na mwanamume akiuvuta huku ametupa mgongo. Cucu akakanyaga breki mara ya tatu, na breki haikuenda popote.

Niliuona mguu wake. Alikuwa amekanyaga kwa nguvu hadi mwili wake ukainuka kitini, na ile breki imekuwa ngumu kana kwamba mtu ameweka jiwe nyuma yake. Gari lilipungua kidogo tu. Yule mtu wa mkokoteni hakugeuka, kwa sababu hakukuwa na cha kumgeuza. Nikapiga kelele. Cucu hakupiga. Alisukuma gia ya pili ndani na kuachia klachi, gari likashtuka na kunirusha mbele kwenye mkanda. Akavuta breki ya mkono pole pole, si kwa pupa. Akapeleka usukani kushoto mpaka ubavu wa gari ukaanza kukwaruza ukuta wa mawe. Mlio ule wa bati juu ya jiwe ulichukua muda mrefu sana. Tuliposimama, kati yetu na mkokoteni palitosha mtu kupita, hapakuzidi hapo.

Yule mtu aligeuka, akaliona gari, akaachia mkokoteni. "Mathe!" alisema. "Hata honi? Sijakuskia hata kidogo! Hii gari yako mbona haina sauti?" Cucu alishusha kioo akamwomba msamaha, mara mbili, kwa sauti ambayo sikuifahamu. Mtungi mmoja ulikuwa umeanguka na kupasuka, maji yanatiririka chini ya gari letu. Alimlipa, akamwomba msamaha tena, akawasha injini. Tukaenda kwa Mama Jasbir kwa gia ya chini, polepole. Siku hiyo walikunywa chai wakafuma, na Mama Jasbir akamuuliza, "Mama Kamau, leo iko nini na wewe?" Cucu akajibu ni mvua tu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ndani ya gari uani, amekaa, injini imezimwa, mlango wazi. Alikuwa akikanyaga breki na kuiachia. Mara ya kwanza ilikwenda laini. Mara ya pili pia. Ya tatu ikagoma. Kisha, mguu ukiwa bado umeikandamiza, akawasha injini, na nikaliona goti lake likishuka lenyewe. "Ngai," akasema, akimwita Mungu. Akazima, akarudia yote tangu mwanzo. Akanipakata kwenye kiti cha dereva, mguu wangu haukufika vizuri, lakini nilihisi jambo lile lile: ngumu, ngumu, halafu injini ikinguruma, kitu fulani kinakupokea mzigo. Kisha akaniambia kwamba breki za pikapu ya babu zilikuwa ngumu siku zote, iwe imewashwa au imezimwa, zilitaka mguu wa mtu na basi. Hili gari dogo breki zake zinasaidiwa na injini, ukiizima inakubakishia msaada wa kukanyaga mara mbili tatu. "Babu yako hakunidanganya," alisema. "Ni gari imebadilika, na hakuna mtu aliniambia." Kisha akacheka, kwa faraja nadhani, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake una dawa. Akasema hatazima tena. Nilimwamini, na bado namwamini.

Baba alikuja Jumapili baada ya kanisa. Aliona ubavu wa gari kabla hajafunga mlango wa gari lake. Alipitisha vidole juu ya mikwaruzo kutoka taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, akanitazama mimi, si mama yake. "Mami. Nini ilifanyika?" Nilijua kwamba nikisema ukweli ninamwuza cucu, na nikidanganya nitakuwa nimemdanganya mtu aliyeniamini. Nikatazama viatu vyangu.

"Usiulize mtoto," cucu akasema kutoka mlangoni. "Uliza mimi." Akaja akasimama kati yetu, akamweleza yote: mteremko, ufunguo, mkokoteni, jinsi alivyokuwa akizima kila wiki tangu enzi za pikapu. Hakuficha hata kidogo. Alieleza kwa bidii, mikono ikionyesha, akafika kwenye kile alichokigundua uani, na nikaona anafurahi kukisema. "Sasa nimejua makosa iko wapi. Ingia ndani nikuonyeshe, Kamau. Ukanyage mwenyewe."

Baba hakuingia. Nafikiri hakusikia chochote baada ya neno mkokoteni. "Na kama ungeua huyu mtoto?" aliuliza, na sauti yake ikakatika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona baba akikaribia kulia. Akanyoosha mkono. Cucu aliutazama mkono ule, kisha akanitazama mimi, na nadhani ni mimi niliyemshinda. Akautoa ufunguo kwenye mfuko wa koti. "Tutakuwa tunakupeleka," baba alisema, akiwa mpole sasa. "Mimi ama Njoroge. Kila Alhamisi, mama, usijali."

Alhamisi ya kwanza alimpeleka yeye mwenyewe. Alimngoja nje ya geti, injini ikinguruma, simu sikioni, na chai haikufika hata kikombe cha pili. Iliyofuata ilikuwa zamu ya baba mdogo, Njoroge, naye alichelewa hadi jioni, wakarudi njiani. Kisha kukawa na mkutano, kukawa na mafua, kukawa na gari la mtu liko kwa fundi. Si uongo, yote yalikuwa kweli. Matatu za Riruta hazikupita huko ndani, na kutembea ule mlima kulishinda magoti yake. Taksi alipanda mara moja, akasema ni kumlipa mtu akae kwenye kiti chako. Kwa miezi kadhaa, niliambiwa, alivaa lile koti kila Alhamisi asubuhi na kukaa sebuleni, kisha akaacha kulivaa. Kabla ya Krismasi, mwana wa Mama Jasbir alikuja kumchukua mama yake kwenda kuishi naye Uingereza. Waliagana kwa simu ya baba, wazee wawili wakipigiana kelele kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake. Cucu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiwa na afya njema, bila ajali ya aina yoyote.

Leo mimi naushuka mteremko ule karibu kila asubuhi nikielekea kazini Westlands. Nyumba nyingi za veranda zimebomolewa, magorofa yamesimama pande zote mbili, na foleni imekuwa ndefu kiasi kwamba hata ukitaka kwenda mbio huwezi. Gari langu lina taa ya kuniambia kila kitu: mlango, mkanda, oili, breki. Nashuka kwa gia ya chini, injini ikiwaka, na sijawahi kuthubutu kufanya vingine. Baba hupenda kusimulia kisa hiki tukikutana jamaa wote, jinsi alivyochukua ufunguo siku ile kabla mtu hajafa, na watu hutikisa vichwa wakimpongeza. Mimi husikiliza, moyo ukiniuma. Baba alikuwa na haki. Mtu angeweza kufa, na huyo mtu angeweza kuwa mimi, na mzazi yeyote angenyoosha mkono ule ule. Lakini nilikuwapo pale uani, na mguu wangu ulikuwa juu ya breki ile. Cucu alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia asizime injini, na huyo alikwisha kumpata, alikuwa ni yeye mwenyewe.