Matanga ya Mwanachuo Aliye Hai

Watu wa ukoo wangu wanajua kutunza mikorosho na kuharibu watoto. Mkorosho wanaupulizia salfa kwa wakati wake, wanaufyekea chini, wanasubiri bibo lidondoke lenyewe. Mtoto wakimwona ana akili, wanamtingisha mpaka aanguke mbichi.

Nasema hivi na mtingishaji mkuu ni mwanangu wa kumzaa. Huku kwetu Newala mjomba ndiye mwenye wapwa. Baba mzazi hata akiwa na hoja nzuri ataambiwa akae chini. Basi mpwa wake, yaani binti wa binti yangu, alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, mjomba mtu akafanya sherehe kama ya kumtoa mwali unyagoni. Turubai, ngoma, spika zikapiga kelele mpaka nadhani hata watu wa Kitangari hawakulala mchana ule. Akasimama katikati akatangaza kwamba ukoo umepata daktari.

Mtoto alikuwa anakwenda kusomea upimaji wa ardhi. Viwanja, mipaka, mawe yale wanayochimbia pembeni mwa shamba. Aliniambia mwenyewe tukiwa tunabangua korosho, nami nikaelewa, mimi niliyeishia darasa la pili. Shule niliacha kwa sababu ya maji. Zamani zile msichana wa huku juu alishuka bondeni alfajiri, akipanda na ndoo yake mwalimu ameshafuta ubao. Lakini hayo ya maji niyaache, yatanipandisha hasira nyingine na hii niliyonayo inatosha.

Tangu sherehe ile binti akapoteza jina. Kila simu ni daktari. Nilisikia kwa masikio yangu mtu mzima mwenye mvi akimwambia, "Daktari, shikamoo!" Mzee anampa shikamoo mtoto wa umri wa mjukuu wake! Na mtoto aitikie nini? Marahaba? Akawa anacheka cheko la kukosa pa kujificha.

Mwaka wake wa pili akarudi likizo amekonda. Akaingia chumba cha uani, akajifunika khanga gubigubi, akalala. Hali chakula. Hasemi. Uji ukapoa, ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ikakauka kwenye sahani, na ming'oko ndiyo aliyokuwa akiililia tangu ana meno mawili. Mimi nikawa nakwenda kukaa karibu yake, nachambua mbaazi zangu. Ndipo akaniambia. Ameanguka masomo mawili. Mtihani wa kurudia umekaribia, na asipoufanya chuo kinamtoa. Tena akifungua daftari moyo unamwenda mbio kama mtu aliyekanyaga nyoka.

"Chuoni hakuna wa kumwambia?" nikamuuliza.

"Yupo mshauri, Bibi. Amenifundisha kuvuta pumzi na kuitoa polepole."

"Kwani ulikuwa hupumui?"

Akacheka kidogo. "Inasaidia. Ila nikimaliza tu kuvuta pumzi simu inaita. Ni mjomba."

Akaniomba nisimwambie mtu. Sikusema. Mama yake, aliyekuwa amebana sikio dirishani, ndiye aliyesema.

Basi mjomba akaitisha ukoo. Wakaja wa Tandahimba, wakaja wa Masasi. Mikeka ikatandikwa uwanjani, masufuria yakainjikwa, wanaume wakajipanga kwenye mabenchi wamekunja nyuso. Shehe akasoma, kisha mwalimu wa kanisa akaomba, maana nyumba yetu ina pande zote mbili. Sala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kilichofuata. Mmoja mmoja alikwenda kwenye mlango wa yule mtoto kumpigia kelele. "Jikaze!" "Sisi tulisoma? Mbona tunaishi?" "Ukoo mzima unakutegemea wewe!" Mtu amelala chini ya gunia, nao wanapanga foleni kumwongezea magunia, halafu wanarudi kwenye benchi kuuliza kama chai imeiva. Shangazi mmoja akakaa mlangoni analia, "Daktari wetu, jamani! Daktari wetu!"

Hapo ndipo alipopita mtani.

Mtani wetu ni mama wa Kimakua, wa Chiungutwa. Watu wake huja kutuzikia, nasi huenda kuwazikia, na kwenye msiba mtani ana ruhusa yake. Huvaa nguo za marehemu, huigiza alivyotembea na alivyosema, husema mabaya yake yote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Siku ile alikuwa ametoka soko la Newala yuko kwenye bodaboda anarudi kwao. Akaona mikeka nje. Akaona wanaume wamenuna. Akasikia shangazi anavyomlilia daktari. Angefikiri nini? Hata mimi ningeruka kutoka kwenye pikipiki.

"Uwiii! Wamakonde mmemmaliza mtoto bila kuniambia!" Akaangua kilio cha kweli, machozi nayaona. Kisha akajifuta, akashika kazi. Akaanua suruali ya binti kwenye kamba, akaivaa juu ya khanga, akabana ungo kwapani kama kitabu, akatembea uwanjani kifua mbele.

"Shikamoo daktari!" akajiamkia. "Marahaba!" akajiitikia. "Leteni wagonjwa! Dawa sijui, ugonjwa siujui, lakini mjomba amesema mimi daktari, basi poneni!"

"Mtani, sikiliza," mwanangu akasimama, "hapa hakuna—"

"Kaa chini! Mfiwa gani unavaa miwani ya jua? Na maji ya kumwoshea maiti mmeyapata wapi nyie wa huku juu, au mnamzika na vumbi lake?"

Ningeweza kumwambia hakuna aliyekufa. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga, mbavu zinaniuma. Yeye akaenda kujilaza kwenye kizingiti, suruali na ungo na yote.

"Sitoki hapa bila jogoo, haki yangu ya utani. Marehemu namjua mimi! Alikuwa mchoyo wa ming'oko, anakula kageukia ukutani!"

Kutoka ndani ikaja sauti: "Uongo! Wewe ndiye uliyekuwa unaniibia!"

Mlango ukafunguka. Mtani akatazama juu kutoka pale chini.

"Kumbe uko hai?"

"Niko hai."

"Sasa umetoka ya nini? Rudi ndani kwanza nipewe jogoo wangu!"

Mtoto akacheka sana, na katikati ya kucheka akaanza kulia, akaketi palepale kizingitini. Mtani akamkumbatia. Mtoto akalia sana. Kisha akaomba chakula, akala kwa mkono kutoka kwenye sufuria, watu wote wanamtazama kama sinema.

Alipomaliza akanawa. "Mjomba, shikamoo. Nimeanguka masomo mawili. Na mimi si daktari. Kuna anayejua ninasoma nini?"

Wanaume wakaanza kuchunguza mikeka. Shangazi wa mlangoni akajaribu: "Ukunga?"

Mwanangu, maana kunyamaza hawezi, akasema basi ukoo utakodi gari, umsindikize mpaka chuoni.

"Mjomba, naomba nisisindikizwe na mtu. Na usinipigie. Nitapiga mimi."

Akashuka na mtani kwenda kupanda basi Masasi. Siku hizi kila mtu anadai ndiye aliyemponya. Wa shehe wanasema ni dua, wa kanisa wanasema ni maombi, mwanangu anasema ni ile jikaze yake. Mtani hasemi kitu, alichukua jogoo. Mimi nasema waliomlaza ndio walewale wanaojisifu kumwinua.

Majibu yalipotoka alinipigia mimi kwanza.

"Bibi, moja nimefaulu. Moja limenigomea, nitalirudia mwakani. Hawajanitoa."

Nikasikia anatafuna. Nikamuuliza anakula nini. Akasema chipsi. Nikamwambia hicho chakula cha watu wavivu, viazi vya kununua na mafuta ya jana. Akacheka, akaendelea kutafuna, nami nikabaki na simu sikioni namsikiliza anavyokula.