Kisigino cha Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuwavua watu soksi. Kwenye karatasi za kliniki naitwa msaidizi wa daktari wa ngozi, na nafanya mengi: natayarisha sindano za ganzi, napanga visu na nyuzi za kushonea, naandika anachosema daktari, nasafisha kitanda. Lakini kwa miaka sita sasa, katika kliniki yetu huku ng'ambo, mjini Crystal, maneno ninayoyarudia kuliko salamu ni haya: tafadhali, vua na soksi. Mtu huja na doa la shingoni, akakubali kuvaa gauni la karatasi lisilofunika chochote, akabaki na soksi zake miguuni. Amesahau kwamba nyayo nazo ni ngozi.

Jumatatu ni siku ya urembo. Huja akina mama, na siku hizi wanaume pia, kudungwa sindano za kulainisha mikunjo ya paji la uso, na baada ya siku chache hata wakikasirika huwezi kujua. Jumanne na Jumatano ni za upasuaji. Daktari anakata saratani tabaka moja, anaipima kwa darubini, anarudi kukata tena mpaka pabaki safi. Siku zilizobaki ni za chunusi, ukurutu na ngozi ya magamba. Watu wetu, Waafrika, wakija, mara nyingi ni kwa kovu lililofura baada ya kutoboa sikio, au uso uliochomwa na mkorogo wa kujichubua. Wale wa mkorogo huapa mbele za Mungu kwamba hawajapaka chochote ila sabuni. Huwaacha waape, kisha nauliza mara ya pili daktari akishatoka, nao hunitajia mpaka duka walikonunua. Nilijiona fundi hodari wa kuwatoa watu siri.

Mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi katika mji jirani wa New Hope mwaka juzi, theluji ya kwanza ilipoanguka, mtoto wetu akiwa na wiki tatu. Kwetu, upande wa Bungoma, mwanamume na mama mzaa mke wake hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakalii kiti kimoja. Mwili wake huutazami wala huutaji. Wazee waliyaweka mambo hayo wakiwa na nyua pana na nyumba zaidi ya moja. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya kulala, bafu moja, na ujia ambao watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu.

Tukajipanga. Yeye alikohoa kabla ya kutoka chumbani. Mimi nilibisha hodi kwenye jiko langu mwenyewe. Tukiwa na neno, tulimtuma mtoto.

"Mtoto," angesema, akimtazama yule kiumbe aliyelala kinywa wazi, "mwambie baba yako chai iko kwa meza."

"Mtoto," ningejibu nikiwa nimegeukia friji, "mwambie nyanya asante."

Mke wangu, ambaye ni muuguzi hospitalini, alicheka hadi akashika mbavu. "You guys," alituambia, "huyu mtoto hata meno hana."

Nilimpenda yule mama. Nasema wazi kwa sababu mtu wa nje angetuona angedhani tuna ugomvi. Ndiye aliyetuwezesha kulala. Ndiye aliyemwimbia mtoto asubuhi nzima nasi tuko kazini, na nikirudi nyumba ilinukia chapati. Kumheshimu kwa kumwepuka ilikuwa zawadi pekee niliyokuwa na hakika kwamba anaipokea.

Jumamosi moja ya Machi nilitoka kwenda kupangusa theluji kwenye gari, nikasahau glavu, nikarudi. Hakunisikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi akiomba, mgongo kwangu, miguu mitupu, maana haombi na viatu wala soksi. Husema Musa aliambiwa avue. Nyayo zake zilikuwa zimenielekea. Kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na doa, jeusi hapa na kahawia pale, kubwa kama sarafu, ukingo wake umesambaa kama chai iliyomwagikia kitambaa.

Niligeuka nikatoka. Nilipangusa lile gari kwa mikono ya koti.

Nilijua nilichokiona. Kwa watu weusi, ile saratani mbaya ya ngozi mara nyingi haitokei mahali jua linapopiga. Hutokea kwenye nyayo, viganjani, chini ya kucha. Ikiwahiwa ikiwa bado juu juu, hukatwa na mtu akaendelea na maisha yake. Ikiachwa huzama, na ikizama husafiri mwilini. Ningeliona lile doa kliniki, ningemwita daktari kabla mgonjwa hajamaliza kuvua soksi ya pili. Nyumbani nilikaa nalo siku kumi na moja.

Nilijiambia huenda ni uchafu. Nilijiambia nitamweleza mke wangu Jumapili baada ya kanisa, na Jumapili ikapita. Kila mama alipokohoa na kutoka chumbani nilitazama ukutani kama kawaida, ila sasa nilitega sikio kusikia kama anachechemea. Watu husema heshima si utumwa. Yangu kwa siku hizo haikuwa hata heshima, ilikuwa woga, nami nilijua.

Hatimaye nilimwambia mke wangu ndani ya gari, nje ya duka la vyakula vya Kiafrika huko Brooklyn Center, unga na mboga ya sukuma vikiwa kiti cha nyuma.

"Uliangalia miguu ya mum?"

"Sikuangalia. Niliona."

"Lini?"

Nikamwambia. Alihesabu kwa vidole.

"Eleven days. Na wewe ndiye una-work na hizi vitu kila siku."

Tulipofika nyumbani alibuni hila: angemkata mama kucha, kama binti mwema, na hapo angeona mwenyewe. Aliingia chumbani na beseni la maji moto. Alitoka baada ya robo saa, uso umebadilika.

"Amenipa mguu wa right peke yake," akaninong'oneza. "Huo mwingine ati alikata kucha jana. Nani hukata kucha za mguu mmoja?"

Basi mama alijua. Alijua na alikuwa anaficha, yeye ambaye kila mtu akipiga simu kutoka nyumbani na kulalamikia kifua humkemea: mficha maradhi kifo humuumbua. Mke wangu alishindwa kuvumilia. Alirudi akamweleza yote, na kwa vile hajui kusema uongo kwa mama yake, alimwambia na nani aliyeona.

Hapakuwa na kelele. Mlango wa chumba ulifungwa, na baadaye kidogo nikasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Mama alituma neno kwamba kuna dada wa kanisani Brooklyn Center ambaye ana chumba, na angeshukuru kupelekwa huko kesho. Hangeweza kukaa nyumba moja na mkwe aliyemwona nyayo. Mke wangu alisimama jikoni akilia, akikausha sahani ambayo tayari ilikuwa kavu.

Nilienda nikasimama nje ya ule mlango. Nilikuwa na hasira: naye, nami mwenyewe, na wazee wote waliolala makaburini huko kwetu bila kutuachia maelekezo ya siku kama ile. Mtoto alikuwa mle ndani naye, lakini sikumtuma.

"Mama," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwita moja kwa moja. "Ni mimi. Sikukusudia kuona. Lakini nimeona, na siwezi kurudi nyuma nikawa mtu ambaye hakuona. Hilo doa laweza kuwa saratani. Nimeona watu wakija nalo mapema wakapona. Nimeona pia waliochelewa. Nakuomba uende kwa daktari wangu. Ukitaka kuhama baada ya hapo, nitakupeleka mwenyewe."

Nikasikia mtoto akilalamika, akibembelezwa.

"Mtoto," sauti ikasema hatimaye, "mwambie baba yako nitaenda. Lakini yeye asiingie nami kwa daktari."

Daktari wangu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniambia nimlete Alhamisi. Mke wangu aliomba ruhusa kazini akaingia na mama chumbani. Mimi nilibaki nje ya mlango nikijifanya nahesabu shashi za kufungia vidonda. Kliniki hairuhusu jamaa kutafsiri, kwa hiyo walipiga simu kwa mkalimani, na kwenye spika ikatoka sauti ya Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Shikamoo mama. Daktari anauliza, doa hili lilianza lini, na je, limebadilika?"

Akamjibu. Yule mwanamume asiyemjua, asiyemwona, mama alimweleza yote, na mlango wetu ni mwembamba. Lilianza miaka minne iliyopita, dogo kama punje ya mtama. Mwaka uliofuata likatanuka. Kabla ya safari lilitoa damu akiwa shambani, akalifunga kitambaa, asimwambie mtu. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo wakiona kitu kama hicho wanakata mguu mzima.

"Na kwa nini hukuonyesha ulipofika?" sauti ikauliza kwa niaba ya daktari.

"Nilitaka kwanza nimshike huyu mtoto," mama akasema. "Nimshike vizuri kwanza."

Niliziweka zile shashi chini. Nikatembea hadi chumba cha vifaa na nikakaa humo mpaka nilipoweza kurudi nikiwa na sura ya mtu wa kazi.

Daktari alilitazama doa kwa lenzi yake, akalitia ganzi, akatoa kipande kidogo kikapelekwa maabara. Tulisubiri siku nane. Mama hakuhama, wala hakutaja kuhama, lakini sanduku halikurudi chini ya kitanda. Siku ya nane daktari aliniita ofisini kwake na kufunga mlango, nami nimewaona watu wakifungiwa mlango ule.

Ni saratani, akasema. Lakini bado iko tabaka la juu kabisa. Haijazama.

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa, nikalia kwa furaha mbele ya mkubwa wangu wa kazi. Alinisukumia boksi la karatasi laini na kuendelea kuandika, na hadi leo namshukuru kwa kutosema kitu.

Mama alipasuliwa mwezi wa Aprili. Daktari alitoa doa lote pamoja na ukingo wa ngozi nzima kulizunguka, na maabara ikathibitisha kwamba hakuna kilichobaki. Mguu ulikuwepo, vidole vyote vitano. Ngozi ya kisigino ni ngumu, haivutiki ikashonwa, kwa hiyo kidonda kiliachwa kijae chenyewe kutoka chini, kikipakwa mafuta ya mgando na kufungwa bandeji mpya kila siku. Alitakiwa asikikanyagie kwa majuma mengi. Mke wangu alimfunga kila asubuhi kabla ya kwenda hospitalini, mlango ukiwa umefungwa, nami nikipitisha vifaa kwenye ufa kama mhudumu wa hoteli.

Siku moja ya Mei nilikuwa nyumbani, mke wangu yuko zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anatambaa, alikuta kikombe cha maji sakafuni karibu na kochi, akakimwaga chote juu ya ile bandeji. Nilisikia mama akishtuka. Nilikuwa jikoni nikijiuliza kama naweza kumpigia mke wangu simu akiwa na wagonjwa.

"Njoo," mama akasema.

Nilingoja mtoto atajwe. Hakutajwa.

"Wewe, si nakuita?"

Nikaenda. Alikuwa amejifunika leso hadi vifundoni, mguu juu ya stuli, kisigino tu ndicho kilichobaki nje. Alitazama dirishani.

"Kwetu kuna mbuzi wa kutakasa jambo kama hili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kisigino hakingoji mbuzi. Fungua."

Niliosha mikono, nikapiga magoti. Nilitoa bandeji iliyolowa, taratibu. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, safi, imejaa karibu kufika juu, na pembeni pande zote ngozi mpya ilikuwa imeanza kutambaa kuelekea katikati. Nilimweleza nilichokiona, moja kwa moja, bila mkalimani. Nilimwambia kwamba kufikia mwezi wa saba atakuwa anatembea hadi kituo cha basi akitaka.

"Kinapona?"

"Kinapona, mama. Kinapona vizuri."

Alishusha pumzi. Nilipaka mafuta, nikaweka shashi, nikaanza kuzungusha bandeji.

"Siku ile uliponiona nikiomba," akasema, bado anatazama dirishani, "ulikaa siku ngapi kabla ya kusema?"

"Kumi na moja."

"Ulikuwa unaogopa nini? Nife, ama nikasirike?"

Nilitamani sana kumdanganya. Bandeji ilikuwa mkononi, na mguu wake, mzito na wa moto, ulikuwa umeegemea goti langu.

"Ukasirike," nikasema.

Hapo ndipo alipogeuka akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na sikujua niweke wapi macho yangu.

"Mwanangu," akasema, "siku nyingine niache nikasirike."