Chai Iliyopandisha Bei ya Ploti ya Kukhu

Tik. Hiyo ni kalamu ya yule mthamini wa kaunti, na hadi leo mtu akibonyeza kalamu karibu nami masikio yananiwaka moto, maana kila tik ilikuwa mdomo wangu umeshafanya kazi yake.

Wacha niseme yote mnicheke mara moja yaishe. Kaunti ilikuwa inakadiria upya thamani ya ploti zetu hapa Majengo ili ijue kodi ya ardhi itutoze vipi, na wenye akili walijua la kufanya, yaani kuonekana maskini. Waliotundika matambara walitundika, waliomwaga maji machafu mlangoni walimwaga, na jirani yetu Mzee Mutua, mchonga vinyago, aling'oa geti lake la chuma akalificha nyuma ya magogo. Kukhu wangu (ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya) hakuficha kitu, aliniambia tu, "Nekesa, hii kodi ikipanda nauza ploti narudi Bungoma. Huyo mtu akija, mimi sipo na wewe hujui kitu." Akaenda zake sokoni Gikomba.

Sasa mtu amefika, jua linamchoma kipara, nami nimelelewa kwamba mgeni hasimamishwi mlangoni. Nikampa chai. Chai tu, jamani! Lakini chai hainyweki kimya, akauliza kama maji hutoka, nikasema yanatoka hadi yanakera, tik, akauliza barabara, nikamwonyesha lami kana kwamba niliimwaga mimi, tik, na vile nina ndoto zangu za ghorofa yenye roshani na maua, nikamalizia kwamba juzi tu tajiri mmoja alikuja kuibembeleza hii ploti kwa mamilioni, Kukhu akamfukuza na mwiko. Tik, tik. (Huyo tajiri alikuwa broka tu, dalali wa ploti aliyekuja na pikipiki, na hakutaja bei yoyote. Niliona tu tajiri anapendeza zaidi.)

Nikamsindikiza hadi kwa Mzee Mutua, tukamkuta amejikunja, anakohoa kikohozi cha kukodi.

"Mwanangu, hali ni mbaya. Hata geti wameniibia."

Nikamhurumia. "Pole Mzee, lakini halijaibwa! Si ulilificha pale nyuma ya magogo?"

"Wewe Nekesa, si ufunge huo mdomo!" jirani mmoja akapiga kelele, na wote waliokuwa wakichungulia wakaangua kicheko. Kikohozi cha Mzee kikapona hapo hapo.

Mthamini naye akacheka hadi akafuta machozi. "Mzee, rudisha geti lako. Mimi nathamini ardhi, si mageti. Ninachotafuta ni bei ambayo watu wako tayari kununulia ploti mtaa huu, na huyu binti amenisaidia sana."

Kicheko kikakatika. Kukhu alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wa dagaa wa omena.

"Umeniuza," akasema polepole, "kwa chai yangu mwenyewe."

Mgeni nitaendelea kumpa chai, hilo siachi, ila nimeapa sitamwekea uongo mahali pa mandazi. Asubuhi yake, Kukhu akiwa bado amelala, nilienda peke yangu hadi ofisi za kaunti, nikapanga foleni, nikamweleza karani wa dirishani kwamba hakukuwa na tajiri wala mamilioni, kulikuwa na broka aliyeuliza tu kisha akawasha pikipiki akaenda. Akaandika. Akauliza kama nina la kuongeza.

Nilikuwa nalo, tena refu. Nikatikisa kichwa, nikashuka ngazi.