Pete ya Chuma ya Shangazi

Shangazi yangu ana ulimi wa kukwangulia masufuria. Miaka kumi na tisa amepima maziwa kiwandani akiamini binadamu wote ni waongo, isipokuwa mirija yake ya kioo.

Asubuhi huwasaka wafugaji wanaotia dawa ya peroksidi ili maziwa yasichache. Kuwanasa, zamani alitumia kimeng'enya, kilichokuja kwenye barafu na kuharibika kila umeme ulipokatika. Mwezi uliopita akaletewa unga wa kijani: chembe za chuma, kila moja imefungwa katikati ya pete ya kemikali, unaoiga kazi ya kimeng'enya na kukaa kabatini bila kudeka. Ukikutana na peroksidi, rangi inakuwa bluu.

Mchana, kwa mirija ileile, hupima maziwa yaliyopikwa. Hapo peroksidi anatia mwenyewe, bila unga. Maziwa mabichi yana kimeng'enya chao cha asili. Yakipikwa sawasawa kinakufa, rangi haitoki. Ikitoka bluu, mpishi kazembea.

Mpishi ni baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Wiki tatu mfululizo, bluu. Meneja akampa hadi Ijumaa: ikitoka tena, kazi hana.

“Mvivu tangu unanyonya,” shangazi alimwambia mbele ya watu.

“Na wewe, dada, unanichongea tangu sijaota meno.”

Ijumaa baba mdogo akaingia maabara na sufuria. Maziwa aliyachemsha mbele ya meneja mpaka yakafanya utando.

“Pima.”

Bluu.

“Haya nayo mabichi?” baba mdogo akauliza.

Shangazi akafungua boksi, akatoa mrija mpya, akapima tena. Nyeupe pe.

“Hiyo ya zamani unaioshaje?” meneja akauliza.

“Maji yanayotokota. Yanaua kimeng'enya.”

“Na chuma chako, dada, nacho kinakufa?”

Chuma hakifi. Unga wa asubuhi ulikuwa umeng'ang'ania kwenye kioo, ukifanya kazi ya marehemu kimeng'enya.

Shangazi akaandika ripoti: “Vyombo vilikuwa na mabaki.” Baba mdogo akairudisha.

“Vyombo havijioshi. Andika nani.”

Shangazi akaandika jina lake mwenyewe, kalamu ikichana karatasi. Meneja akatia saini. Baba mdogo akabaki kazini.

“Umeridhika?”

“Ibandike mlangoni.”

Akaibandika juu kabisa, kwa sababu mdogo wake ni mfupi. Baba mdogo akaenda kuleta stuli, akapanda, akawasomea watu wa zamu nzima kwa sauti.