Nilimfundisha wifi mayai ya Mayu, nikaruka kitu kimoja

Admin, jina langu liache huko huko kwako. Wanaonijua watanijua tu, lakini nimechoka kukaa na hili jambo.

Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa Kalemela, nina watoto watatu. Lakini sasa ni mwezi wa saba tangu nije kwetu Sapiwi nikimuuguza mama yetu, tunayemwita Mayu. Alipata kiharusi, mkono mmoja umelala na akili inakuja na kuondoka. Anaishi na kaka yangu na mkewe. Shida ni chakula. Uji anatema, ugali anasukuma. Anakula mayai ya karanga tu, yale aliyotupikia tukiwa wadogo.

Unavunja mayai ya kienyeji kwenye karanga zinazochemka, halafu unatia unga wa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mpaka chungu kizima kinakuwa cheusi. Bibi ndiye alianza. Enzi zao mwanamke alikatazwa kula yai, basi akayaficha humo, wakwe wakadhani anakula mboga. Akamfundisha Mayu, Mayu akanifundisha mimi. Jamani, utamu wake! Tulikuwa tunagombania kulamba chungu.

Nilipomaliza mwezi hapa, wifi akaomba nimfundishe ili nirudi kwangu. Yeye ni mtu wa Moshi, nsansa haijui. Na niseme ukweli, anamwogesha Mayu vizuri kuliko mimi. Nikamwonyesha karanga, nikamwonyesha mayai. Ilipofika nsansa nikamtuma kisimani, nikaitia hayupo. Aliporudi akauliza, "Wifi, mbona imekuwa nyeusi?" Nikamjibu, "Moshi wa kuni huo." Wala sikupepesa macho.

Sikuwa na ugomvi naye. Ila Mayu alikuwa ameanza kumwita yeye kwa jina langu, halafu mimi ananiuliza, "Wewe ni wa nani?" Iliniuma, sitaki kuficha. Nikaona angalau kitu kimoja kibaki changu.

Nikarudi Kalemela. Siku ya nne kaka akapiga simu: "Njoo, Mayu hali." Wifi alikuwa amepika, Mayu akaonja, akatema, akasema, "Huyu anataka kuniua." Nikarudi. Tangu hapo kila nikifunga mzigo naitwa tena. Kila siku ni kuwasha moto, kutwanga karanga, kulisha kijiko kwa kijiko. Mgongo umekwisha. Mume wangu alivumilia, sasa anasema, "Mama watoto, kama umehamia kwenu niambie nijue." Kitinda mimba wangu akipewa simu ananiamkia shikamoo kama anaongea na mgeni, kisha anamrudishia baba yake simu. Na sina wa kumlaumu, kamba nimejifunga mwenyewe.

Wiki iliyopita kaka alimfokea mkewe mbele yangu: "Mayai tu yanakushinda? Mke gani wewe!" Mimi nimeshika mwiko, nikaendelea kukoroga. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama wifi usoni.

Nimewaza kusema nilisahau. Nani ataamini? Msukuma mzima nisahau nsansa, na kila siku natia mwenyewe? Kaka ana hasira za karibu. Atasema nilimwacha mama yetu na njaa makusudi, na hatakuwa amekosea.

Leo asubuhi wifi amenifuata jikoni na daftari la mtoto. Akasema, "Wifi, nifundishe tena, safari hii nitaandika kila kitu. Labda mkono wangu ndio mbaya. Unisamehe, nimekutenga na watoto wako."

Ameniomba msamaha. Mimi! Nikamwambia kichwa kinaniuma, tufanye kesho. Akanipikia chai, akaniletea na dawa.

Sasa ndugu zangu, kesho ndiyo hiyo inakuja, na daftari lake ameshaliweka juu ya meza. Nishaurini, namwanzaje?