Somo Langu la Mamba

Mimi ni mwalimu mkali, wala sioni haya kusema. Nikikufunza kitu utakishika, upende usipende. Ndivyo nilivyofunza habari za mamba katika shule moja karibu na mto, chini huko ukipita Thika. Mimi mwenyewe natoka Ruiru, maji nafungulia bomba jikoni.

Nilikuwa nimejisomea. Mamba hukutazama kimya. Ukija mahali pale pale kila siku, anakuzoea, anakungoja. Basi nikawakaririsha gredi ya nne: "Usichote maji mahali pamoja kila siku!" Walipaza sauti hadi mwalimu jirani akaja dirishani kuuliza kama hili ni darasa ama kwaya. Nikamwambia aende zake.

Aliyepaza zaidi ni msichana wa dawati la mbele. Wazazi wake walitoka magharibi kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa, na kila jioni ni yeye aliyeteka maji ya nyumbani.

Sasa, mimi sikuwa nimeteremka mtoni hata siku moja. Sikujua akina mama wana mahali pao, wamezungushia magogo na matawi ya miiba ndani ya maji ili mamba asipite, na kila mtu huchota hapo tu. Yule mtoto akapahama. Wenzake walimwita arudi, akawajibu mwalimu amekataza.

Ngai! Mtungi wake ulipatikana ukielea. Yeye hakupatikana.

Siku ya kumfanyia maombi kando ya mto ndipo nilipoiona ile miiba kwa macho yangu. Watu walisema watoto wa siku hizi hawasikii, nami nikanyamaza, mimi na mdomo wangu wote. Mpaka leo darasa likitulia wakati wa mtihani namsikia akikariri, na lile dawati siruhusu mtu alikalie. Naogopa, sitaficha.

Shule zilipofunguliwa Januari, mama yake alimleta mdogo wake, kasichana kembamba, kanang'ata kola ya sweta.

"Mwalimu, huyu ni mtundu, hasikii mtu," akaniambia. "Dada yake alikuwa anashika maneno yako sana. Ulikuwa ukisema kitu, basi. Nifunzie huyu pia awe hivyo."

Nilitaka kumwambia pale pale mlangoni.

"Sawa, mama," nikasema.